Kuba Lisilokuwapo: Kwa Dada wa Malindi Anayekwenda Sant'Ignazio, Roma

Dada mmoja ameniandikia hivi: "Ninafanya kazi hotelini Malindi na wageni wetu wengi ni Wataliano. Familia moja imenialika kwao mwezi wa kumi, na njiani nitakaa Roma siku moja na nusu. Kila ninayemwambia ananisisitizia nisikose kanisa la Sant'Ignazio. Lakini nikitafuta picha zake naona watu wamejipanga mbele ya kioo wakijipiga picha tu. Mimi ni Mwislamu na navaa buibui. Nitaruhusiwa kuingia? Na kuna nini pale cha kumtosha mtu asiyeenda kusali wala kupiga picha?"

Dada yangu, nianze na la mlangoni ili moyo wako utulie. Utaingia, na hakuna atakayekuuliza dini yako. Sant'Ignazio ni kanisa linalosaliwa, lakini mlango wake uko wazi kwa kila mtu, na kuingia ni bure. Sharti la mavazi katika makanisa ya Roma ni mabega na magoti yasitiriwe. Kwa buibui lako umeshalitimiza; utawakuta watalii wa kaptura wakihangaika kutafuta kitambaa cha kujifunga, nawe unapita. Anayetakiwa kuvua kofia ni mwanamume. Mtandio wa mwanamke hauna neno. Ukikuta Misa inaendelea, keti viti vya nyuma kimya, au zunguka nje urudi baada ya saa moja, kwa kuwa wakati wa ibada watu hawatembeitembei ndani.

Swali lako la pili ndilo lililonikalisha kitako. Nilisomea historia ya usanifu wa majengo katika mji huo, na hilo ndilo jengo nililolirudia kuliko mengine yote. Mara ya kwanza niliingia kama wanavyoingia wengi: nikatazama juu, nikashangaa, nikapanga foleni ya kioo, nikatoka. Haikufika robo saa. Baada ya wiki moja mwalimu wetu alitupeleka palepale, akatusimamisha mmoja mmoja juu ya duara dogo la marumaru lililo sakafuni, kisha akatuambia tutembee polepole kuelekea altare, yaani madhabahu, macho yakiwa juu. Sikufika mbali. Nguzo zilianza kuinama, kuta za juu zikalala ubavu, nikahisi dari lote linaniegemea. Nilirudi nyuma hadi kwenye duara, na kila kitu kikasimama wima tena, kimya, kama hakikuwa kimetikisika. Tangu siku hiyo nawaambia watu kwamba kanisa hili hutazamwa kwa miguu.

Nitakueleza hiyo maana yake nini, lakini kwanza anza nje.

Kutoka Pantheon, lile hekalu la kale la Warumi, ni mwendo wa dakika chache kupitia vichochoro vyembamba, vya kukukumbusha mitaa ya Mji wa Kale, Mombasa. Ghafla kichochoro kinakufungulia uwanja mdogo wenye nyumba za rangi ya udongo, na kuta za nyumba hizo zimepindwa kama mapazia ya jukwaa. Ndivyo zilivyokusudiwa. Msanifu Filippo Raguzzini alizijenga mwaka 1727 na 1728, akaziweka ili mtu anayetokeza pembeni aonekane kama mchezaji anayeingia jukwaani, na kanisa liwe ndilo mtazamaji. Jengo la kati siku hizi ni ofisi ya polisi wa Italia wanaosaka kazi za sanaa zilizoibwa. Simama pale dakika mbili. Uso wa kanisa wenyewe, wa mawe ya travertino, usikucheleweshe. Roma ina nyuso nyingi nzuri kuliko huo.

Sasa ujue unaingia kwa nani. Inyasi wa Loyola, Mhispania aliyekuwa askari kabla ya kuanzisha shirika la watawa Wakatoliki liitwalo Wajesuiti, alifungua shule Roma mwaka 1551. Shule hiyo, Collegio Romano, ilikua hadi kanisa lake la mwanzo likashindwa kuwachukua wanafunzi. Inyasi alitangazwa mtakatifu mwaka 1622 na Papa Gregori wa 15, na mpwa wa Papa huyo, Kardinali Ludovico Ludovisi, akajitolea kugharimia kanisa jipya la shule kwa heshima ya mtakatifu huyo. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1626. Ramani ilichorwa na Orazio Grassi, Mjesuiti aliyekuwa mwalimu wa hisabati humohumo shuleni. Huyu Grassi ndiye aliyebishana na Galileo, yule mwanasayansi maarufu, kuhusu nyota zenye mkia zilizoonekana mwaka 1618, na katika ubishi huo Grassi ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, kwani alisema nyota hizo ziko mbali kuliko mwezi. Nakutajia hili kwa sababu huko mbele utaona jinsi hesabu na anga zinavyoliandama kanisa hili tangu siku ya kwanza.

Ramani ya Grassi ilikuwa na kuba kubwa pale katikati, mahali ukumbi mkuu unapokutana na mabawa mawili ya kanisa. Kuba hilo halikujengwa. Watu husimulia kwamba majirani walikataa kuzibiwa mwanga. Mimi naiamini zaidi ile sababu ya kawaida ya majengo yote duniani: fedha. Kardinali Ludovisi alifariki mwaka 1632 kazi ikiwa bado changa. Kanisa lilifunguliwa mwaka 1650 likiwa na tundu la duara mahali pa kuba na dari jeupe tupu, likakaa hivyo zaidi ya miaka thelathini.

Hapo ndipo anapoingia Andrea Pozzo. Alizaliwa Trento, kaskazini mwa Italia, mwaka 1642, akajiunga na Wajesuiti akiwa bruda, na alibaki bruda hadi alipofariki Vienna mwaka 1709. Hakuwahi kupewa upadre. Aliitwa Roma kwa ajili ya mikono yake. Mwaka 1685 aliwapa Wajesuiti kuba: alilichora kwenye kitambaa kikubwa kilichowambwa kama ngozi ya ngoma, kikapandishwa kuziba lile tundu. Halafu akapewa dari la ukumbi mkuu, akalimaliza mwaka 1694.

Ukiingia mlangoni tembea moja kwa moja katikati ya ukumbi, ukitazama chini. Utalikuta duara la marumaru ya rangi ya manjano limetiwa sakafuni. Mara nyingi watu wanalikanyaga bila kujua. Subiri liwe wazi, simama juu yake, miguu miwili pamoja, ndipo uinue uso.

Utakachoona ni jengo lingine juu ya jengo. Kuta za kanisa zinaendelea kupanda: nguzo, matao, madirisha, ghorofa nzima ya mawe, na juu yake hakuna paa bali anga. Watu wamekaa kwenye kingo, wengine wananing'inia, malaika wanapita kati ya nguzo, na katikati kabisa, mbali sana, kuna mwanga. Utatafuta mahali ambapo jengo la kweli linakwisha na uchoraji unaanza, na hutapaona. Ukweli ni kwamba dari lile ni tao la kawaida, limepinda kama nusu ya pipa lililopasuliwa kwa urefu, na vyote unavyoviona ni rangi juu ya lipu iliyopakwa ingali mbichi ili rangi inyonywe na kukauka pamoja nayo.

Alifanyaje? Jibu liko katika kitabu alichokichapisha mwenyewe Roma kwa juzuu mbili, mwaka 1693 na 1698, kwa kuwa Pozzo hakuificha kazi yake kama siri ya kilinge, aliifundisha. Alichora kwanza jengo lake lote kwenye karatasi bapa, akaligawa kwa mistari kuwa miraba midogo. Kisha kanisani, juu kule dari linapoanzia kupinda, akatandaza wavu wa kamba wenye idadi ileile ya miraba. Chini, kwenye kimo cha jicho la mtu aliyesimama pale duarani, palikuwa ndio chanzo cha mistari yote. Ukiweka taa mahali hapo usiku, kivuli cha wavu kitapanda na kuangukia dari, nacho kitapindika kulingana na mpindo wa dari. Mahali ambapo taa haina nguvu ya kutosha, unavuta uzi kutoka palepale, unaupitisha kwenye fundo la wavu hadi ugonge lipu, unatia alama. Ukishapata miraba iliyopindika huko juu, unahamisha kila kipande cha mchoro kutoka mraba wa karatasi kwenda mraba wake wa dari. Nguzo iliyonyooka kwenye karatasi inakuwa ndefu na ya kombo juu ya lipu, na kombo hilo linanyooka tu kwa jicho lililo pale taa ilipokuwa.

Kwa hiyo lile duara sakafuni ni mahali pa jicho la Pozzo. Ameliacha liwe lako.

Hapo ndipo ninapokuomba ukae na wazo moja, kwa kuwa wewe utaliona upesi kuliko watalii wengi. Unaijua misikiti ya kwetu. Umekwenda kwenye magofu ya Gede, umeona mahali pa mihrabu ya msikiti mkuu, na mapambo yake yanavyoelekeza macho upande mmoja. Kila aliyesimama kwenye safu anaelekea kule, na hakuna mahali ndani ya msikiti ambapo ibada yako inakuwa sahihi kuliko ya jirani yako. Sant'Ignazio imepangwa kwa fikra tofauti kabisa. Imepangwa kuzunguka mwili mmoja uliosimama mahali pamoja. Mafundi wa Baroki, mtindo wa sanaa wa kusisimua macho, kuanzia miaka ya 1600 hapa Roma, walikuwa wakilijibu swali gumu la zama zao: Waprotestanti walikuwa wameondoa picha na sanamu makanisani, na Kanisa Katoliki baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano wake mkuu wa maaskofu uliofungwa mwaka 1563, lilikuwa limeamua kuzitetea. Ilibidi picha ifanye kazi ambayo mahubiri peke yake hayaifanyi. Imguse mtu kabla hajaanza kufikiri. Pozzo alikwenda mbali kuliko wote, kwa kuwa alimfanya mtazamaji awe sehemu ya hesabu. Bila wewe pale duarani, dari lile halijakamilika.

Basi sasa toka kwenye duara. Nenda mbele taratibu, uso juu, na umwombe mtu akushike mkono usije ukagonga viti. Utaona nguzo za upande wa altare zinavyoanza kuanguka. Watu wa wakati wake walimlaumu Pozzo kwa hilo hilo, wakataka achore kwa pembe nyingi ili picha isiharibike popote mtu aendapo. Alikataa. Alishikilia kwamba jengo zima lazima liwe na jicho moja, na kwamba kama mtazamaji anaona mambo yamepinda, basi kasimama pasipo pake. Mimi naona alikuwa sahihi. Dari zilizochorwa ili zionekane vizuri kutoka kila mahali zipo nyingi Italia, nami sikumbuki hata moja iliyonitetemesha magoti.

Endelea mbele utalikuta duara la pili. Simama utazame kuba. Kutoka hapo ni kuba kamili: nguzo zimezunguka, mbavu zinapanda, juu kuna kijidirisha cha mwanga. Ni jeusi kidogo, na weusi huo unasaidia kulificha. Halafu piga hatua hadi chini yake kabisa, pale ambapo mtu wa kawaida angetaka kusimama kutazama kuba, na uone linavyosinyaa na kulala upande mmoja kama mwavuli uliopigwa na upepo. Kitambaa bapa. Wasanifu wa siku zile walimkosoa Pozzo kwamba nguzo zake za kuba zimekaa juu ya vishikizo vinavyotokeza ukutani, na katika jengo la kweli vingevunjika. Anaeleza katika kitabu chake kwamba rafiki yake mmoja mchoraji aliwajibu kwa niaba yake: siku nguzo hizo zikianguka, gharama ya kuzitengeneza ataitoa yeye mfukoni mwake.

Kuna jambo moja hutaliona ukiwa ndani, nami naomba ulikumbuke ukiwa umesimama pale. Nguzo kuu nne za kanisa, zile zilizojengwa nene ili zibebe kuba la mawe, zilibaki bila mzigo. Katika miaka ya 1850 Mjesuiti Angelo Secchi, mtaalamu wa nyota, aligundua manufaa yake. Darubini inahitaji msingi usiotikisika hata kidogo. Akajenga chumba cha kuangalia nyota juu ya paa la Sant'Ignazio, uzito wake ukibebwa na zile nguzo zilizokuwa zikisubiri kuba kwa miaka mia mbili. Hapo ndipo alipochunguza mwanga wa nyota kwa maelfu na kuzigawa katika makundi kwa rangi za mwanga huo, kazi iliyofungua njia ya elimu ya nyota ya leo. Kwa hiyo pale juu ya mbingu ya kuchora palikuwa na mtu akiitazama ya kweli. Kila nikilifikiria hilo nasikia furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Rudi kwenye duara la kwanza, maana kuna lililo letu.

Ule mwanga wa katikati unatoka kwa Mungu Baba, unapita kwa Kristo, unaingia kifuani mwa Inyasi, na kutoka kwake unagawanyika miale kuelekea pande nne za dari. Kwenye pande hizo wameketi wanawake wanne, nao ni mabara manne yaliyojulikana Ulaya wakati huo. Ulaya ana farasi na fimbo ya kifalme. Asia ana ngamia. Amerika amevaa manyoya. Afrika ni mwanamke mweusi aliyekaa juu ya mamba, na karibu naye kuna pembe ya ndovu. Chini ya kila mmoja kuna watu wanaporomoka, ndio makosa na uzushi vinavyotimuliwa na nuru. Kwenye ncha mbili za dari yameandikwa kwa Kilatini maneno ya Injili ya Luka, ya Kristo kuja kutupa moto duniani. Wajesuiti walipenda maneno hayo kwa kuwa jina la Inyasi kwa Kilatini linakaribiana na neno la moto.

Mtazame yule mwanamke kwa muda. Amechorwa kwa heshima, ameketi juu, hayumo miongoni mwa wanaoporomoka. Lakini hesabu ya picha ni kwamba nuru inatoka kwingine, naye kazi yake ni kuipokea. Pembe aliyonayo ni mali iliyokuwa ikipakiwa kwenye vyombo katika bandari za pwani yetu. Na mwaka 1694 Waafrika walikuwa wanauzwa kuvuka bahari, na Wajesuiti wenyewe walimiliki watumwa katika mashamba yao ya Brazil. Hayo hayamo darini. Simwambii mtu asiipende picha hii. Naipenda mimi mwenyewe. Nasema uitazame ukiwa na macho yote mawili.

Nawe una jicho ambalo watu wengi pale hawana. Miongoni mwa watakatifu waliochorwa mawinguni yumo Fransisko Ksaveri, mwenzake Inyasi aliyetumwa India. Jahazi lake lilipokuwa likitoka Msumbiji kwenda Goa mwaka 1542 lilitia nanga Malindi. Kijikanisa kidogo cha Wareno kilicho karibu na bahari, chenye makaburi uani, ambacho bila shaka umekipita mara nyingi, kinahusishwa na safari hiyo. Katika barua aliyoandika Goa mwezi wa Septemba mwaka huohuo, Ksaveri anasimulia kwamba walimzika Malindi mtu mmoja aliyefia chomboni, na wenyeji walipendezwa na jinsi mazishi yalivyofanywa. Mzee mmoja wa heshima wa mji, Mwislamu, alimwuliza kama Wakristo kwao bado wanahudhuria makanisa yao, kwa sababu Malindi ina misikiti kumi na saba na watu wanakwenda mitatu tu, naye alikuwa akisikitika kwamba imani inapoa. Barua hiyo naiweka kando ya dari la Pozzo kila nifundishapo. Miaka mia moja na hamsini kabla mtu hajachora Afrika ikisubiri mwale, palikuwa na mzee Malindi akizungumza dini na mtakatifu huyo ana kwa ana, na akimwuliza swali ambalo mchungaji yeyote angemwuliza mwenzake.

Sasa lile la kioo. Kimewekwa ukumbini, kimelazwa ili usiumize shingo, na ukitia sarafu taa za dari zinawaka. Foleni yake mchana hufika mbali. Kama unataka picha piga, hakuna ubaya, lakini ujue kioo hakikupi anachokupa Pozzo: unakiinamia, unaliona dari kama picha iliyoko mezani, na nguzo haziko juu yako. Tumia foleni ya wengine kwa faida yako. Wakati wamejipanga pale, duara liko huru. Na wakishawasha taa kwa sarafu zao, wewe uliye duarani utaiona dari nzima ikimulikwa bila kutoa kitu.

Kabla ya kutoka, pita bawa la kulia la kanisa. Ipo altare iliyosanifiwa na Pozzo huyohuyo, yenye nguzo za marumaru ya kijani zilizosokotwa kama kamba, na sanamu kubwa ya marumaru iliyochongwa na Mfaransa Pierre Le Gros mwishoni mwa miaka ya 1690. Chini yake, katika sanduku la jiwe la buluu, amelala Aloisi Gonzaga. Alikuwa mtoto wa watawala, akauacha urithi wake, akaja kusoma shuleni hapa. Roma ilipopigwa na tauni akawabeba wagonjwa, akaambukizwa, akafa mwaka 1591 akiwa na miaka 23. Wanafunzi wa Roma wamekuwa wakimjia kwa karne nyingi. Katika jengo lililojaa hila za macho, hapa ndipo mahali ambapo hakuna hila. Mabaki ya kijana yamo ndani ya jiwe, basi.

Kuhusu saa: nenda asubuhi mara wanapofungua, kama saa tatu hivi, ambapo mwanga wa madirisha ni laini na watu ni wachache. Makanisa mengi ya Roma hufunga mchana, kwa hiyo ulizia saa zake kwanza. Chukua saa nzima kwa Sant'Ignazio. Kitaliano chako cha hotelini kitakufaa sana. Mwulize mlinzi duara la pili liko wapi, na utaona uso wake unavyobadilika akigundua hukuja kwa ajili ya kioo.

Ukitaka mahali pa kusali, msikiti mkuu wa Roma uko kaskazini mwa mji, na utaufikia kwa treni ndogo inayoanzia Piazzale Flaminio. Ulifunguliwa mwaka 1995. Ndani yake nguzo zinachanua kama minazi na kusukana juu kwenye dari. Mmoja wa waliousanifu, Paolo Portoghesi, alitumia maisha yake kuichunguza Baroki ya Roma, na ukitoka Sant'Ignazio ukaingia pale utaona alichojifunza. Ningetenga asubuhi ya ile nusu siku yako kwa huo msikiti.

Na ukiwa na nafasi karibu na kituo cha treni cha Termini, ingia kanisa la Santa Maria Maggiore. Foleni imeongezeka tangu Papa Fransisko azikwe humo Aprili 2025, lakini sehemu ya ubatizo ina sanamu ya kichwa na mabega ya Mwafrika, ya marumaru nyeusi. Ni Antonio Emanuele Ne Vunda, balozi aliyetumwa kwa Papa na Álvaro wa 2, mfalme wa Kongo. Safari yake ilichukua takriban miaka minne. Aliingia Roma mapema Januari 1608 akiwa mgonjwa mahututi, akafa baada ya siku chache. Baada ya Afrika ya kuchora, inafaa umwone huyu mwenye jina.

Jioni ya siku yako ya kwanza nenda kanisa la Gesù, dakika kumi kwa miguu kutoka Sant'Ignazio. Ni kanisa mama la Wajesuiti, lilitabarukiwa mwaka 1584. Dari lake lilichorwa na Giovanni Battista Gaulli, na humo rangi inamwagika nje ya fremu yake hadi kwenye mapambo ya lipu. Fika kabla ya saa kumi na moja na nusu, ukae upande wa kushoto mbele ya altare ya Inyasi, kazi nyingine ya Pozzo. Saa hiyo kila jioni muziki unaanza, na picha kubwa iliyo juu ya altare inashuka polepole ndani ya ukuta, na nyuma yake inatokea sanamu ya mtakatifu iking'aa kwa fedha na dhahabu. Ya awali ilikuwa na fedha tupu. Sehemu kubwa iliyeyushwa mwishoni mwa karne ya 18 Papa alipotakiwa kuwalipa Wafaransa.

Watu wakianza kutawanyika, wewe usitoke nao. Vuka kanisa hadi upande wa pili, mbele kabisa ya altare hiyo. Pale kuna altare ya Fransisko Ksaveri, na katikati yake, ndani ya chombo chenye kioo, umewekwa mkono wake wa kulia, ulioletwa kutoka Goa katika karne ya 17. Ni mkono ule uliozika mtu Malindi.